Kunguni Hafukuzwi na Chumba Kimoja

Ikiwa unausoma ukurasa huu pamoja na jamaa zako mkiwa mezani kwa chai ya asubuhi, utuwie radhi. Kwa maana Jumapili hii tunamzungumzia mdudu ambaye watu wengi huona haya hata kumtaja mbele ya mgeni. Mdudu huyo ni kunguni.

Tumeona vema kumtaja waziwazi. Mfanyakazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi basi anahitaji usingizi kama anavyohitaji chakula. Mtoto aliyekesha akijikuna hawezi kuyashika yale anayofundishwa na mwalimu wake. Mama anayewasha na kuzima taa usiku kucha huamka na uchovu ambao chai haiuondoi. Nyumba isiyo na usingizi haina amani, na mara nyingi ugomvi unaozuka asubuhi baina ya mume na mke, au baina ya mpangaji na mpangaji, chanzo chake ni usiku uliopita.

Yako mengi ya kusemwa juu ya mdudu huyu, lakini neno letu kubwa ni moja: kunguni hamalizwi na mtu mmoja, chumbani mwake, kwa siri. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Basi na kunguni ni vivyo hivyo.

ADUI MWENYEWE NI NANI

Kunguni ni mdudu bapa asiye na mabawa, mwenye rangi ya kahawia. Aliyekomaa ana urefu wa milimita 5 hadi 7, yaani kiasi cha punje ya mchele. Haruki wala hachupi. Hutambaa tu, lakini hutambaa kwa kasi. Mchana hujificha katika nyufa za mbao za kitanda, mishono ya godoro, chaga, mifumbati, nyuma ya picha na kalenda ukutani, na hata katika makochi. Usiku, hasa yanapokaribia mapambazuko, hutoka akifuata joto la mwili na pumzi ya aliyelala. Hunyonya damu kwa muda wa dakika tano hadi kumi, kisha hurudi maficho yake.

Jike hutaga mayai machache kila siku, na katika maisha yake huweza kutaga mamia. Mayai hayo ni meupe, yenye urefu wa milimita moja hivi, nayo hugandishwa katika nyufa kama kwa gundi. Katika nchi zetu za joto huanguliwa kwa muda wa siku sita hadi kumi. Mtoto wa kunguni hujivua ngozi mara tano kabla ya kukomaa, na kila mara hana budi anywe damu kwanza.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kunguni huvumilia njaa kwa miezi. Kwa hiyo yule anayefunga chumba na kwenda kulala kwa ndugu yake kwa juma moja, akitumaini kwamba atakaporudi atawakuta wamekufa, anajidanganya. Atawakuta wakimngojea, na pengine atakuwa amekwisha kumpelekea ndugu yake baadhi yao ndani ya mkoba wa nguo.

Aidha, ni vizuri tuondoe hofu moja. Hadi leo haijathibitika kwamba kunguni humwambukiza mtu ugonjwa kwa kumuuma. Madhara yake ni muwasho, vipele, vidonda vinavyotokana na kujikuna, na kukosa usingizi. Hata hivyo wanapozidi sana, damu wanayoinyonya huweza kumpunguzia damu mtoto mchanga. Mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati bila kukawia.

AIBU NDIYO NGOME YAKE

Mtu akiona mbu chumbani mwake huwaambia majirani. Akiona panya huazima paka. Lakini akiona kunguni hunyamaza, hufunga mlango, na humwonya mtoto wake asithubutu kusema nje. Kwa nini? Kwa sababu tumejijengea fikra kwamba kunguni ni alama ya uchafu na umaskini.

Fikra hiyo si sahihi. Chakula cha kunguni si takataka. Chakula chake ni damu, na damu ya tajiri na ya maskini kwake ni mamoja. Mwezi wa Oktoba 2023 mji wa Paris nchini Ufaransa ulitaharuki kwa habari za kunguni katika nyumba, majumba ya sinema na magari ya moshi, hata Serikali ya huko ikalazimika kuitisha mikutano kwa ajili yao. Nyumba safi hupata kunguni kama nyumba nyingine. Tofauti ni kwamba katika nyumba yenye vitu vilivyorundikana kunguni hupata maficho mengi, na mwenyewe hukawia kuwaona.

Kunguni huja kwa kubebwa. Huja ndani ya sanduku la mwanafunzi arudiye kutoka bweni, katika mzigo wa msafiri aliyelala nyumba ya wageni, katika kochi au kitanda kilichonunuliwa kikiwa kimetumika, au katika mkeka ulioazimwa kwa shughuli ya msiba au harusi. Kwa hiyo haifai kabisa kumsingizia yaya, au shemeji aliyekuja kutoka shamba, au jirani mwenye kipato kidogo. Mara nyingi anayelaumiwa hakuwaleta yeye. Na kwa kuwa wako watu ambao ngozi zao hazioneshi alama yoyote wanapoumwa, huenda yule anayejigamba kwamba kwake hakuna kunguni ndiye aliye nao wengi kuliko wote.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Siri unayoiweka juu ya kunguni haikulindi wewe, inamlinda kunguni.

CHUKUA MFANO WA NYUMBA YA VYUMBA SITA

Msomaji wetu wa Kariakoo, Magomeni au Temeke anaifahamu vizuri nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na ua nyuma. Tuseme kila chumba kina jamaa yake. Sasa tuseme mpangaji wa chumba cha pili amechoshwa na kunguni. Ananunua kopo la dawa, anapuliza usiku, anafunga mlango.

Kunguni waliopata dawa ya kutosha watakufa. Walioionja kidogo tu watatawanyika. Watapita chini ya mlango, watapanda juu ya kuta zisizofika kwenye paa, watafuata nyaya za umeme na nyufa za plasta hadi chumba cha kwanza na cha tatu. Baada ya majuma mawili mpangaji wa chumba cha tatu naye atanunua dawa yake na kupuliza kwa siri, na kunguni watarudi chumba cha pili. Hivyo ndivyo nyumba moja inavyoweza kununua dawa mwaka mzima, kila jamaa kwa fedha zake, huku kunguni wakihamahama kama wageni wanaokaribishwa kila mlango.

Dawa ya hali hii ni kikao. Mwenye nyumba aitwe, wapangaji wote wakae uani, na anayeanza kusema aseme bila kumnyoshea mtu kidole. Anaweza kusema hivi: “Ndugu zangu, chumbani kwangu nimewaona kunguni. Sijui walikotoka, wala sitafuti wa kumlaumu. Ninaomba leo kila mmoja atazame kitanda chake, kisha tupange siku moja tufanye kazi pamoja.” Maneno hayo ni machache lakini yanahitaji moyo. Mara nyingi atakayeyasema atashangaa kusikia wengine wakijibu, “Hata na kwetu wapo.”

Nchi yetu inaijua njia hii. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kilichofaa siku zile kuwazuia mbu na maradhi hakiwezi kushindwa na kunguni wa nyumba moja.

SIKU YA KAZI

Chagueni siku ambayo watu wengi hawaendi kazini, na muanze asubuhi jua linapopanda. Kazi hii si ya akina mama peke yao. Baba aliyeumwa pamoja na wenzake na afanye kazi pamoja na wenzake.

Kwanza, tafuteni. Chukueni tochi na kadi ngumu au kisu butu, mpitishe katika kila ufa wa kitanda na kila mshono wa godoro. Alama zake ni madoa meusi kama nukta za wino, ngozi nyepesi walizojivua, mayai meupe, na michirizi midogo ya damu kwenye shuka. Msiishie kitandani. Tazameni makochi, viti, masanduku, mapazia, fremu za milango, na nyuma ya kabati.

Pili, nguo. Shuka, foronya, mapazia na nguo zitiwe katika mifuko ya nailoni humo humo chumbani na kufungwa, ili kunguni wasidondoke ukumbini. Zinazostahimili maji ya moto zifuliwe kwa maji ya moto sana, ya nyuzi 60 au zaidi, na ziloweshwe humo kwa nusu saa. Zikikauka zipigwe pasi kwenye mapindo na mishono, maana joto la nyuzi 50 na kuendelea huua kunguni pamoja na mayai yake. Nguo safi zitiwe katika mifuko mipya, wala zisirudi chumbani kabla kazi haijakwisha.

Tatu, kitanda. Kitolewe nje na kufunguliwa vipande vipande. Maji yanayotokota yamiminwe polepole katika kila tundu, kila kiungo, na ncha za chaga. Maji yakishapoa hayana kazi. Basi mtu mmoja akae jikoni kuchemsha na mwingine kumimina, na watoto wawe mbali ili wasiungue. Kitanda cha kamba ni kigumu kukisafisha. Kamba zikiwa zimechakaa ni heri zikatwe na kuchomwa moto, na kitanda kisukwe upya.

Nne, godoro. Wengi huanika godoro juani na kudhani kazi imekwisha. Jua peke yake halitoshi, kwa sababu kunguni huhamia upande wa kivuli, na ndani ya godoro nene joto halifiki kiasi cha kuwaua. Godoro lisuguliwe kwa brashi ngumu katika mishono yote, kisha livishwe mfuko imara wa kitambaa wenye zipu, usio na tundu. Kunguni waliobaki ndani hawatatoka tena kuuma, watakufa kwa njaa. Mfuko huo usivuliwe kwa muda wa mwaka mmoja. Godoro lililooza au kupasuka kila mahali lisitupwe barabarani likaokotwa na mwenzako. Lichanwe kwanza, kisha litupwe.

Tano, kuta. Nyufa zizibwe kwa saruji au chokaa. Hii ni kazi ya mwenye nyumba, naye aelewe kwamba ndoo moja ya saruji ina faida kwake kuliko kubadilisha wapangaji kila baada ya miezi sita.

Sita, chandarua. Wako watu waliotupa vyandarua vyao wakidai kwamba ndivyo vilivyoleta kunguni. Chandarua hakileti kunguni. Kunguni hujificha katika mapindo yake kama wanavyojificha mahali pengine. Kiangaliwe pindo kwa pindo, kifuliwe taratibu kwa sabuni ya kawaida na maji yasiyo ya moto, kianikwe kivulini, kisipigwe pasi. Kisha kitundikwe tena siku hiyo hiyo. Malaria inaua, kunguni hauzidi muwasho wake.

SUMU INAYOUA WATOTO

Hapa tunaomba msomaji asome kwa makini zaidi. Kwa sababu ya kukata tamaa, wapo watu wanaonunua dawa za mashambani zilizomiminwa katika chupa za maji au za soda bila maandishi yoyote, wakazipaka vitandani mwao. Dawa ya pamba au ya mboga haikutengenezwa ipakwe mahali mtoto anapolaza shavu lake. Na chupa ya soda yenye sumu ni mtego kwa mtoto mwenye kiu.

Hatari kubwa zaidi ni vile vidonge vya kufukizia nafaka ghalani. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo hupenya ukuta, dari na tundu la ufunguo, na mtu akiivuta kwa wingi hakuna dawa ya kuibatilisha mwilini. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu maafa ya namna hii yametokea zaidi ya mara moja: mpangaji alifukiza chumba chake ili aue kunguni, gesi ikaingia kwa jirani, wakafa watoto ambao wazazi wao hawakuwa na habari yoyote. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji, kisha ufikirie nyumba ya vyumba sita ambayo kuta zake hazifiki kwenye paa. Vidonge hivyo visiingizwe kabisa katika nyumba wanamolala watu.

Mafuta ya taa nayo yasipakwe kitandani. Ni kweli kwamba yakimgusa kunguni humwua, lakini kitanda kilicholowa mafuta hungoja njiti moja tu ya kiberiti.

Kama baada ya kupuliza dawa yoyote mtu ataumwa kichwa, atatapika au atashindwa kupumua vizuri, wote watoke nje mara moja, na mgonjwa akimbizwe hospitali pamoja na kopo la dawa iliyotumika, ili mganga ajue anapambana na nini.

DAWA ZA DUKANI NA UWEZO WAKE

Je, dawa za dukani hazifai? Zinafaa, lakini kama msaidizi wa maji ya moto na mikono yenu. Nunua iliyo katika kopo lake la asili, yenye maelezo unayoweza kuyasoma, na iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Ipulizwe katika nyufa na fremu, si juu ya shuka, si kwenye kitanda cha mtoto mchanga, wala si mwilini. Vyakula na maji vifunikwe, watu watoke, na wasirudi mpaka dawa imekauka na madirisha yamefunguliwa vya kutosha.

Usishangae dawa iliyomsaidia rafiki yako ikishindwa kwako. Kunguni huzoea sumu. Dawa ya DDT, ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1948, ilianza kushindwa na kunguni wa Hawaii tangu mwaka 1947. Na hapa kwetu, mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa Muheza, mkoani Tanga. Katika vijiji ambako vyandarua vyenye dawa vilikuwa vimetumika kwa miaka kadhaa, kunguni walitoweka kwanza, kisha wakarudi. Walipopimwa wakaonekana wanaistahimili dawa ile, ambayo ni ya jamii iliyotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Makopo mengi ya dukani yana dawa za jamii hiyo hiyo. Kwa hiyo kuongeza kipimo hakumwui kunguni sugu, bali kunamdhuru mwenye nyumba. Ikiwa dawa imeshindwa, mwoneni afisa afya wa kata, au wapangaji mchangiane kumlipa mpuliziaji mwenye kibali. Mchango wa vyumba sita ni mwepesi kuliko makopo sita yanayonunuliwa kila mwezi.

BAADA YA SIKU KUMI

Nyumba nyingi hushinda vita siku ya kwanza na kushindwa baadaye. Dawa nyingi haziui mayai, na hakuna jicho linaloweza kuyaona mayai yote. Basi kazi yote, kuanzia tochi hadi maji ya moto, irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, pale ambapo watoto wa kunguni wamekwisha kuanguliwa na hawajapata kukomaa na kutaga. Tena vyumba vyote, siku moja.

Katikati ya siku hizo sogezeni vitanda mbali na ukuta, shuka zisiburuze sakafuni, na kila tendegu lisimamishwe ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Maji hayo yabadilishwe kila baada ya siku mbili ili yasigeuke makao ya mbu. Kila Jumamosi mtu mmoja apite na tochi katika vyumba vyote. Yakipita majuma manane bila alama wala kuumwa, hapo mnaweza kusema mmeshinda. Baada ya hapo ni ulinzi tu: mzigo wa msafiri ukaguliwe uani kabla ya kuingia ndani, na kitanda au kochi lililotumika lisivuke kizingiti kabla halijasuguliwa.

Ndugu msomaji, huenda leo umesoma makala haya ukiwa na siri hiyo chumbani mwako. Kabla hujaenda dukani kununua kopo jingine, mgongee jirani yako mlango, mwamkie, umwambie. Neno hilo halina gharama, na ndilo linalopaswa kutangulia maji ya moto.